Zawadi ya Krismasi kwa Kipimo cha Mjukuu

Zawadi inayomfurahisha mjukuu huanza na kipimo. Babu au bibi mjuzi humtazama kwanza mtoto mwenyewe: kimo chake, mikono yake inaweza nini, anapenda kucheza peke yake au na wenzake. Kwenye vihamba vya Wachaga, katika miteremko ya Kilimanjaro, ufundi huu una msimu wake. Kila Desemba shule hufungwa, familia za mijini hupanda nyumbani kula Krismasi, na wajukuu wanahitaji kitu kitakachowashughulisha hadi likizo iishe.

Mtoto aliye chini ya miaka 3 hutia kila kitu mdomoni, kwa hiyo vizibo, shanga na kete havimfai. Kinachomfaa ni mwanasesere wa kitambaa: mwili uliojazwa vipande vya kanga kuukuu, mshono wa mara mbili, na macho yaliyotariziwa kwa uzi badala ya kushonewa vifungo vinavyoweza kung'oka.

Kuanzia miaka 5 au 6 hivi, hakuna kinacholishinda gari la waya. Waya mnene hukunjwa kuwa fremu, na waya mwembamba huzungushwa kwenye kila kiungo mpaka kisicheze. Magurudumu hukatwa kwenye ndala iliyochakaa, kisha hutobolewa katikati kwa msumari wa moto. Tundu huachwa kubwa kidogo kuliko ekseli. Likibana, gurudumu huburuzika badala ya kuviringika. Ncha zote hukunjwa ndani zisichane vidole. Kutoka ekseli ya mbele hupanda waya mrefu wenye usukani wa mviringo juu yake, na hapo ndipo fundi hujulikana. Usukani ukiishia tumboni mwa mtoto, atakimbia wima na kukata kona bila shida. Ukiwa mfupi, atainama, mgongo utamchosha, na gari litatelekezwa chini ya mgomba kabla ya Mwaka Mpya.

Mjukuu wa miaka 10 na kuendelea anataka kushindana, na ubao wa bao humpa ushindani huo. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8 na kete 64, ambazo kwa desturi ni komwe, ingawa kokoto laini pia hutosha. Mashimo huchongwa kwa kina kinachoruhusu vidole kuzoa kete zote kwa mkupuo mmoja. Anayeanza hufundishwa bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete 2 tangu mwanzo. Zawadi hii hudai mpinzani, na mpinzani wa kwanza ni babu mwenyewe. Asiye na nafasi ya kukaa barazani na kucheza achague nyingine.

Wajukuu wakiwa wengi, zawadi zao zitofautiane kwa umri, lakini kazi iliyotiwa katika kila moja ilingane, kwa maana watoto ni wepesi kutambua aliyependelewa. Tena, kila chombo kitolewe pamoja na masalia yake: kipande cha waya, ndala ya akiba, kete chache za ziada. Gurudumu litakapochomoka, mtoto mwenye vifaa hivyo atalirudisha mwenyewe, na kutengeneza huko kutakuwa sehemu ya mchezo.