Kifaranga Bila Ganda: Kazi ya Mwalimu wa Chiba

Mwaka 2014 Yutaka Tahara, mwalimu wa sekondari mkoani Chiba, Japani, na mwenzake Katsuya Obara walichapisha njia ya kumlea kifaranga nje ya ganda mpaka atotolewe. Waliozitazama picha zake walivutiwa na moyo unaodunda waziwazi. Mimi navutiwa zaidi na jinsi walivyozichambua kazi za ganda na kuitafutia kila moja mbadala.

Ganda halizuii tu ute usimwagike. Vitundu vyake, maelfu kwa maelfu, huingiza oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi na mvuke. Utando wenye mishipa ya damu hujibandika ndani yake na kulimung'unya polepole, maana sehemu kubwa ya kalsiamu inayojenga mifupa ya kifaranga hutoka kwenye ganda, si kwenye kiini. Mwaka 1988 mtafiti Margaret Perry alifanikiwa huko Scotland kutotolesha vifaranga waliolelewa nje ya ganda lao, ila kiinitete alikihamishia kwenye ganda la yai jingine.

Tahara na Obara waliliondoa ganda kabisa. Kwanza yai liliatamizwa kwenye mashine likiwa zima, kwa saa 55 hadi 56. Muda huo una maana kubwa: moyo umeshaanza kazi na mishipa imetanda juu ya kiini, hivyo unakiona kiinitete kwa macho, kidoa chekundu kinachotikisika. Kisha yai lilipasuliwa juu ya plastiki nyembamba iliyolegezwa mdomoni mwa kikombe, ikaning'inia kama machela. Plastiki hiyo ni polimethilipentini, ambayo hupitisha oksijeni vizuri kuliko polithini ya mifuko yetu, na anayetaka kuiga asiidharau tofauti hiyo. Kalsiamu waliirudisha kwa kutia kalsiamu lakteti pamoja na maji yaliyokenekwa. Hapo zaidi ya asilimia 90 ya viinitete vilifika siku ya 17 vikiwa hai.

Kuanzia siku hiyo ndipo penye ugumu. Kifaranga ameshakuwa mkubwa na mapafu bado hayajaanza kuvuta hewa. Ndani ya ganda, utando wa mishipa hulizunguka yai na kupata hewa pande zote, tena upande ulio butu kuna chumba cha hewa ambamo kifaranga huvuta pumzi zake za kwanza kabla ya kudonoa ganda. Kikombe hakina chumba hicho. Wao walipuliza oksijeni tupu, na vifaranga 8 kati ya 14 wakatotolewa.

Matokeo hayo huandikwa asilimia 57.1, na desimali ile inaipa hesabu uhakika ambao mayai 14 hayawezi kuubeba: angekufa kifaranga mmoja zaidi, tungesoma 50. Hilo halipunguzi thamani ya kazi yenyewe. Walimu wetu wa baiolojia wenye mashine ya kutotolesha na mtungi wa oksijeni wana pa kuanzia. Ningependa kuona mayai ya banda moja yakigawanywa, mengine yakipewa oksijeni kuanzia siku ya 15, mengine ya 17, mengine ya 19, na kundi la mwisho likiachiwa maganda yake, yote ndani ya mashine ile ile.