Mkono Unaotangulia Dawa

Mtazame muuguzi stadi wa Likasi, Kongo, anapochukua damu ya kuotesha vijidudu kutoka kwa mtoto mwenye homa kali. Kwanza anahesabu pumzi, kisha anabonyeza ukucha aone kama damu inarudi upesi au inakawia. Anasugua ngozi kwa dawa, halafu anasubiri ikauke. Ufundi wenyewe uko katika kusubiri huko, kwa kuwa mwenye pupa hupeleka maabara vijidudu vya ngozi badala ya vya damu. Hagusi tena mshipa kwa kidole. Anafuta kizibo cha chupa na kutia damu ya kutosha, maana mililita moja yaweza kuwa na bakteria wasiozidi 10. Hayo yote huyamaliza kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, wala haicheleweshi.

Maabara, chupa hukaa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, ikiinuliwa kila siku kwenye mwanga kutafuta ukungu, dalili ya vijidudu vinavyoota. Kwa chupa za namna hiyo Octavie Lunguya na wenzake wa taasisi ya utafiti wa tiba ya INRB, Kinshasa, wameonyesha kuwa Salmonela ni kisababishi kikubwa cha maambukizi ya damu kwa watoto wa Kongo.

Maambukizi hayo yakizidi na kuwa sepsisi, kinga huwaka hadi kuuchoma mwili wenyewe, na kwa wagonjwa wengi hatimaye huchoka. Mwaka 1992, huko Kyoto, Tasuku Honjo na wenzake waligundua PD-1, breki ya seli za kinga. Kuiachia kumewasaidia wagonjwa wa saratani. Mwaka 2011, kundi la Richard Hotchkiss huko St. Louis lilichunguza watu waliokufa kwa sepsisi, likakuta kinga yao imelemaa. Mwaka 2019 likachapisha jaribio la nivolumabu, dawa inayoiachia breki hiyo, kwa wagonjwa 31 wa sepsisi: dawa haikuwasha upya ule moto unaouchoma mwili, ila bado haijathibitishwa kuokoa maisha.

Breki haiachiwi kwa kubahatisha. Lazima ajulikane nani kinga yake inawaka na nani imechoka, na kijidudu gani kinamshambulia. Ujuzi huo huanzia kwenye pumzi zilizohesabiwa na chupa isiyochafuliwa. Ndiyo maana nauheshimu mkono wa muuguzi kuliko ahadi ya dawa yoyote mpya. Atakayetaka kuileta Likasi tiba hiyo aanze na chupa za kutosha, umeme usiokatika, na mshahara unaomfaa mwenye mkono huo.