"Ongeza RAM": dawa bila vipimo

Wadau, peleka laptopu iliyochoka kwa fundi, iwe Mwanjelwa hapa Mbeya au Iringa mjini, na mara nyingi utaambiwa: "Ongeza RAM." Kasoro ya ushauri huu ni kwamba dawa inatoka kabla ya vipimo.

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, usome asilimia. RAM ikijaa kwa kazi zako za kawaida, fundi yuko sahihi. Ila diski ikigota 100% huku RAM ina nafasi, unatupa hela. HDD ya mizunguko 5,400 kwa dakika hutumia milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja tu. SSD huanza kuleta data ndani ya milisekunde 0.1 hivi. RAM haiwezi kuifanya sahani izunguke haraka.

Wacheza gemu nao wasidanganyike. SSD hufupisha hasa kusubiri gemu ifunguke. Picha zikikwama katikati ya mechi, mshukiwa ni chipu ya grafiki, au feni iliyozibwa na vumbi. Feni husafishwa, chipu kwenye laptopu nyingi imechomelewa kwenye bodi, haibadilishwi kirahisi.

Bumu lenyewe dogo. Pima kwanza, ndipo ununue.