"Toleo" Moja kwa Kila Kitu: Uhakiki Mfupi wa Istilahi za Kompyuta

Wanaistilahi wetu wamebishana miaka mingi juu ya jina la mashine yenyewe: kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Ubishi huo una utamu wake, lakini mwanafunzi wa Kampala aliyekwisha kuiwasha mashine ana tatizo jingine. Anataka kujua mfumo endeshi alio nao ni upi.

Tuchukue mfano. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mwanafunzi anafungua dirisha la amri, anaandika ver, na kompyuta inamjibu kwa namba inayoanza na 10.0. Anahitimisha kwamba ana Windows 10. Huenda sivyo, kwani Windows 11 nayo hujitambulisha kwa 10.0 iyo hiyo. Kinachozitofautisha ni tarakimu zinazofuata: 19045 ni Windows 10, ilhali Windows 11 ilianzia 22000.

Tarakimu hizo Kiingereza huziita "build", na hapo ndipo tafsiri zinapoyumba. Katika mazoezi tunayosahihisha, "version" ni toleo, "release" ni toleo, "edition" ni toleo, na mfasiri akichoka, "build" pia ni toleo. Sentensi inasomeka vizuri na haimsaidii msomaji hata kidogo. Kwa Mganda ambaye Kiswahili aghalabu ni lugha yake ya tatu, hakuna pa kukisia.

Tukitenda haki, Kiingereza chenyewe si safi. Katika Linux, uname -r huonyesha namba ya kiini cha mfumo. Uname -v, ambayo kwa jina ndiyo ya "version", kwa kawaida huonyesha ni lini kiini hicho kiliundwa. Anayefasiri neno bila kutazama skrini atapotea tu.

Kwa maoni yetu, dawa imo katika rafu za vitabu. Wachapishaji hutenganisha toleo na chapa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipata toleo la pili mwaka 2004. Toleo moja laweza kupigwa chapa mara kadhaa, pengine makosa madogo yakisahihishwa. Kwa nini "build" isiwe namba ya chapa? Mlinganisho una kasoro, maana kutoka 19045 hadi 22000 mengi yalibadilika kuliko katika chapa mpya ya kitabu. Tena tutaambiwa kwamba dukani chapa ni HP au Dell. Ndiyo maana tunasema namba ya chapa, kwa ukamilifu wake. HP haina namba ya namna hiyo. "Edition", yaani Home au Pro, inatoshwa na neno aina.

Walimu wa tafsiri walijaribu pendekezo hili kwa amri moja tu, ver. Wawatake wanafunzi waeleze kwa Kiswahili kila sehemu ya jibu litakalotokea, bila kutumia neno toleo zaidi ya mara moja.