Mwanga wa Urujuani Tumboni

Bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, hujitengenezea mwenyewe kitu kinachoweza kumuua. Ni rangi za kundi la pofirini, jamaa wa ile inayoifanya damu yetu kuwa nyekundu. Gizani hazina neno. Zikimulikwa kwa urujuani wa nanometa 405 hivi, huunyonya mwanga na kuipa oksijeni iliyo jirani nguvu yake. Oksijeni hiyo hugeuka kali na kumuunguza bakteria kutoka ndani. Mwaka 2005 Michael Hamblin na wenzake wa Boston walichapisha ushahidi wa jambo hilo, na mgonjwa hakuhitaji kumezeshwa rangi yoyote ya ziada.

Hata hivyo, kinachonivutia zaidi ni kazi ya mikono iliyofuata. Mwaka huohuo lilichapishwa jaribio la wagonjwa 10. Daktari anateremsha endoskopi kooni hadi sehemu ya chini ya tumbo, anapitisha uzi mwembamba wa kupeleka mwanga, kisha anamulika doa moja tu la kipenyo cha sentimita 1. Basi. Baada ya hapo anachukua vinyama vidogo kutoka kwenye doa hilo, na vingine kutoka mahali ambapo mwanga haukugusa. Tumbo ni lilelile, asidi ileile, bakteria walewale. Tofauti ni mwanga peke yake. Vinyama vinapelekwa maabara, bakteria wanaoteshwa kwenye sahani, watu wanasubiri wahesabu. Na kusubiri huko ni kwa kweli, maana mdudu huyu haharakishwi: Barry Marshall na Robin Warren, kule Perth, walifaulu kumwotesha mara ya kwanza mwaka 1982 baada ya sahani kuachwa muda wote wa sikukuu ya Pasaka. Kwenye madoa yaliyomulikwa, bakteria walipungua kwa wastani wa asilimia 91.

Doa moja ni rahisi. Tumbo zima ni kazi nyingine, kwa sababu likiwa tupu hujikunja kama kanga iliyofumbatwa kiganjani, nao mwanga hauna ujanja wa kupinda kona. Katika jaribio la watu 18 lililochapishwa mwaka 2009, tumbo lote lilimulikwa. Sehemu ya chini bakteria walipungua kwa zaidi ya asilimia 97, katikati zaidi ya 95, juu kabisa 86 hivi. Siku chache baadaye walionekana kuanza kuongezeka tena. Watafiti waliliandika hilo waziwazi, nami nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa zile asilimia.

Ufundi huu una babu yake Copenhagen. Niels Finsen, aliyefungua taasisi yake mwaka 1896, alitibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa kali ya umeme iliyopozwa kwa maji. Wauguzi walikaa wakiikandamiza lenzi usoni mwa mgonjwa, dakika baada ya dakika, ili damu isukumwe kando na isiumeze mwanga. Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 1903. Karne moja baadaye lenzi zake zilipopimwa, ilionekana zilizuia sehemu kubwa ya miale mikali iliyodhaniwa ndiyo dawa; huenda pofirini za vimelea ndizo zilizokuwa zikifanya kazi.

Hospitalini, mgonjwa wa leo bado anaandikiwa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, huku usugu dhidi ya klarithromaisini ukizidi. Ndiyo maana mafundi hawajaiweka taa chini. Nchini Italia wamebuni kidonge chenye betri na vitaa vya LED ndani yake, cha kumezwa bila endoskopi. Hapo wana hesabu ngumu: betri iwe ndogo kiasi cha kumezeka, mwanga utoshe kuua, na kidonge kisisukumwe kuingia utumbo mdogo kabla hakijamulika mikunjo yote.