Nusu Toni Iliyounyamazisha Mdomo wa Bata

Mliokuwa Temeke Jumapili mliona wenyewe. Wimbo wa zamani, wa zama za Radio Tanzania, umemaliza beti. Drams imegeuza mwendo, tumba imepanda, chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, linaingia. Mpuliza saksafoni ya teno anasogelea maiki, anapuliza kifungu cha kwanza, anateleza kwenye noti ya nne. Anarudia, anateleza palepale. Kiongozi wa bendi anampungia mkono ashuke, anamgeukia kijana wa kinanda, na kinanda kinaingia na ile sauti yake ya tarumbeta la plastiki. Kuanzia hapo hadi wimbo unakwisha, mdomo wa bata ulining'inia kifuani mwa mwenyewe.

Bendi siitaji. Uamuzi ule ulikuwa mbovu, na ulifanyika mapema zaidi kuliko wengi walivyodhani.

Mezani kwangu walimtupia lawama mpulizaji. Kachoka, wakasema, umri umekwenda. Hakuchoka. Beti zote alikuwa akimwitikia mwimbaji vizuri, kwa noti ndefu mbili tatu, pumzi imetulia. Kilichomwangusha ni ki, ule ufunguo unaopanga wimbo upigwe juu au chini. Kwenye rekodi wimbo ule uko F. Jumapili ulipigwa E. Mwimbaji wa sasa hafiki kule juu alikokuwa akifika mwenye wimbo, hilo halina aibu, na mtu akishindwa kufika wimbo unashushwa. Lakini nani alikaa akahesabu kabla ya kuushusha nusu toni?

Wapiga magitaa hawakuwa na la kuhesabu. E ni nyumbani kwao, nyuzi mbili za pembeni, ya juu na ya chini, zinalia zenyewe bila kubonyezwa. Kijana wa kinanda alibonyeza kitufe kimoja, vidole vikaendelea kutembea palepale alipozoea. Mpuliza teno hana kitufe. Ala yake imekatwa kwa B flati, kwa hiyo bendi ikiwa F yeye yuko G, yenye shapu moja tu. Bendi ikishuka E, yeye anaangukia F shapu, ki yenye shapu sita. Angekuwa na alto angekuta saba. Nusu toni ileile iliyowapa wenzake nafuu ilimfunga yeye vidole.

Tazama vidole vyenyewe. Kwenye G, mpulizaji anapita juu ya vitufe vikubwa vya katikati, na shapu yake moja iko chini ya kidole cha kati cha mkono wa kulia. Kwenye F shapu anadaiwa G shapu, na hiyo iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Anadaiwa D shapu, iliyo chini ya kidole kidogo cha kulia. Vidole hivyo ndivyo dhaifu kuliko vyote, na vitufe vyake vina springi ngumu. Kwenye beti za taratibu mtu mzoefu anamudu, na huyu alimudu. Chemko likiingia kwa kasi ile, kifungu kinachozunguka kila baada ya baa nne kinahitaji wiki nzima ya mazoezi kwenye ki mpya. Noti ya nne aliyoteleza ni hiyo G shapu. Nilikuwa upande wake wa kushoto, nikakiona kidole kikichelewa.

Kwa hiyo jukwaani tuliona kosa la pili likizikwa juu ya la kwanza. Kiongozi alipoona teno imekwama, akaamua tatizo ni teno.

Nimeandika mara nyingi kuhusu kinanda kupewa kazi za upepo, na nitaandika tena. Ugomvi huu si wa leo. Bendi za Kinondoni zilizotamba mwisho wa miaka ya 90, African Stars wakiwa mbele, zilitunga nyimbo zao bila ala za upepo. Hizo sina shida nazo, nyimbo zilizaliwa hivyo na kinanda kina kiti chake. Shida ni kuchukua wimbo uliotungwa ukiwa na pumzi ndani yake, ukautoa pumzi. Kifungu cha saksafoni kwenye chemko huisha pale mpulizaji anapoishiwa hewa. Anavuta, na katika kuvuta kwake unasikia tumba na besi zikisema lao, halafu anarudi. Lile pengo ni sehemu ya mdundo. Jumapili kijana wa kinanda, na ana kipaji, aliliziba kwa kushikilia noti hadi kifungu kilipoanza upya. Tumba ikapotea. Waliokuwa wakicheza waliacha kujibu kwa miguu, wakabaki wanatikisa mabega.

Michael Enoch asingefanya hivyo. Alikuwa mpiga solo wa Dar es Salaam Jazz kabla ya kushika ala za upepo na kusimamia upangaji wa muziki Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978. Aliyejua shingo ya gitaa na mdomo wa ala ya upepo kwa pamoja hachagui ki ya kumnufaisha mmoja na kumuumiza mwingine. Vijana Jazz walipompa nafasi mpuliza saksafoni Rashid Pembe, nafasi ilikuwa nafasi kweli. Na Maquis, tangu White House Ubungo hadi Lang'ata Kinondoni, walikuwa na mpulizaji wao, Mwema Mudjanga, Mzee Chekecha. Wote hao walikua chini ya kivuli cha Verckys, aliyepuliza OK Jazz ya Franco tangu 1963 hadi 1969 na kuwafundisha wa huku kwamba saksafoni inaweza kubeba chemko mgongoni. Pale studio ya Radio Tanzania bendi ilirekodi ikipiga kwa pamoja. Ki isiyomfaa mpulizaji ingesikika nchi nzima, hivyo jambo hilo lilimalizwa mazoezini.

Kuacha nafasi si siri ya rumba peke yake. Desemba 1957, Paris, Miles Davis aliingia studio kupiga muziki wa filamu ya Louis Malle, Ascenseur pour l'échafaud, na kwenye teno akamweka Mfaransa wa miaka 20, Barney Wilen. Walikuwa na kodi chache tu za muziki za kuanzia, mengine waliyaumba wakitazama vipande vya filamu. Kijana angeweza kujaza kila baa kuonyesha anajua. Lakini tarumbeta ikiongea yeye yuko nyuma au kimya, zamu yake ikifika anaongea kwa utulivu, na anajua pa kunyamaza. Ukimya wake aliuchagua mwenyewe, na ndiyo maana unauma masikioni. Wa Jumapili uliamriwa.

Mengine ya usiku ule yalikuwa safi: besi haikuyumba, rizimu ilikaa, mwimbaji aliheshimu maneno.

Wapo watakaosema mashabiki hawajui F na E. Hawajui majina ya ki, ndiyo, lakini wanajua wimbo. Wengine wana mikusanyo ya Zanzibara iliyotolewa na Buda Musique ya Paris, ule wa 2007 wa muziki wa miaka ya 60 na ule wa Dar ya 1978 hadi 83. Inaniuma kwamba mtu wa Paris anapata ala zetu za upepo zikiwa kamili, na mtu wa Temeke analipa kiingilio kusikia kinanda kikiziigiza.

Na dawa ilikuwapo, kwa bei ya nusu toni nyingine. Wangeshuka hadi E flati, teno ingekuwa kwenye F, yenye flati moja tu, na alto kwenye C isiyo na kitu. Mwimbaji angepata unafuu mkubwa kuliko alioupata. Wapiga magitaa wangenuna kidogo, wangepoteza zile nyuzi zinazolia wazi, lakini kepo kwenye kizuizi cha kwanza inawarudisha D. Kinanda kingebonyeza kitufe mara moja zaidi. Jumapili ijayo bendi hiyo iko Kinondoni, na mazoezi yao ni katikati ya wiki. Ki ibadilishwe siku hiyo, mpulizaji akiwa chumbani, na aulizwe yeye wa kwanza.