Dakika 60 na Trei la Mayai

Nina trei la mayai ambalo halijabeba yai mwaka wa tatu sasa. Ni lile la karatasi ngumu, la mayai 30, na kila kishimo kina mzigo wake: gramu 2 za hopsi, zimepimwa kwa mizani ndogo kama ya sonara. Jumamosi ya kupika pombe naliweka mbali kidogo na jiko, navuta kigoda, na kila baada ya dakika 2 namwaga kishimo kimoja kwenye sufuria. Vishimo 30, dakika 60. Mke wangu akipita husimama mlangoni, anatazama.

"Baba, si umwage zote mara moja uje ukae na wageni?"

Ningeweza. Wengi ndivyo wafanyavyo, na pombe yao inanyweka.

Hopsi ni ua la mmea unaotambaa. Kwa sisi wapikaji wa nyumbani huja limesagwa na kushindiliwa likawa vidonge, mfano wa mavi ya mbuzi, ila ni vya kijani na vinanukia. Ndani yake mna vitu viwili visivyopatana. Kimoja ni asidi za alfa, ambazo ndizo mama wa uchungu, lakini zikiwa mbichi haziyeyuki vizuri. Sharti zichemke kwa muda mrefu mpaka molekuli zake zijipange upya, ndipo uchungu ukae kwenye pombe, na hata baada ya saa nzima unaambulia kama robo tu au theluthi. Kingine ni mafuta ya harufu, nayo hayavumilii moto. Dakika chache yameshapanda na mvuke; jiko linanukia, sufuria imebaki kapa. Ndiyo maana desturi ikawa kutia hopsi kwa mikupuo: mmoja mwanzoni kwa uchungu, mwingine moto ukikaribia kuzimwa kwa harufu, na pengine mmoja katikati kwa ladha. Wapikaji huhesabu dakika kinyumenyume, kwamba "hopsi za 60" ndizo za mwanzo kabisa na "hopsi za 5" ndizo za mwisho. Mimi niliyekulia saa za Kiswahili hilo halikunisumbua.

Aliyevunja desturi hiyo ni Sam Calagione, aliyeanzisha kiwanda cha Dogfish Head mwaka 1995 pale Rehoboth Beach, Delaware, akipika kwa mitungi midogo ya galoni 12. Mwenyewe husimulia kwamba alikuwa akitazama mpishi mmoja kwenye televisheni, akitia pilipili kwenye supu kidogokidogo badala ya yote kwa pamoja, ili ladha ijengeke tabaka juu ya tabaka. Akajiuliza kwa nini IPA, ile bia ya hopsi nyingi, isipikwe hivyo. Akatafuta mchezo wa zamani wa mpira wa Kimarekani, ule wa ubao unaotetemeka kwa umeme ili wachezaji wa plastiki wajisogeze, akaufunga kwa mwinamo juu ya sufuria na ndoo ya hopsi yenye matundu. Ubao ukatetemeka, hopsi zikadondoka moja moja. Mvuke haukuchelewa kuuua mchezo wenyewe, lakini wazo lilikwisha shika mizizi: mwaka 2001 ikatoka 90 Minute IPA, na mwaka 2003 ikafuata 60 Minute, majina yakitaja urefu wa mchemko.

Niliposikia kisa hicho nilicheka, kwa sababu hayo nilishayaona Kilimanjaro, bila umeme. Bibi yangu alipika mbege. Ndizi mbivu alizichemsha na kuziacha zilale, kimea cha ulezi akakipika uji, na kwenye uji huo ndimo msesewe ulimoingia, gamba la mti lililokaushwa na kupondwa, chungu kuliko dawa ya malaria. Hakuutia wote. Alitia kidogo, akakoroga, akaonja kwa kibuyu, akanyamaza. Akatia tena. Hapa Marekani ninakoishi sasa ilibidi Rais Jimmy Carter atie saini sheria mwaka 1978 ndipo mtu aruhusiwe na serikali ya shirikisho kupika bia nyumbani kwake. Bibi alikuwa na moto, pipa na ulimi.

Kabla ya trei nilijifanya fundi. Nilichukua chupa ya plastiki, nikaitoboa, nikaifunga mota ya feni iliyokufa nusu, nikaining'iniza juu ya sufuria. Dakika kumi za kwanza nilijiona Calagione. Kisha mvuke ukaingia, vidonge vikavimba, tundu likaziba. Nikagonga chupa kwa mwiko. Donge zima likatumbukia kwa mkupuo, na sufuria ikajibu: povu la kijani likapanda, likavuka ukingo, likazima jiko na kutiririka hadi chini ya friji. Tuliishi na harufu ile mpaka Krismasi.

Kwa trei, povu hupanda kidole kimoja na kurudi. Unatia vidonge vitano sita, vinazama, vinaibuka vimefumuka kama majani ya chai, na mchemko unaendelea kugugumia. Vishimo kumi vya kwanza ni Warrior, yenye uchungu mwingi. Kumi vya kati ni Simcoe, kutoka bonde la Yakima. Kumi vya mwisho ni Amarillo, na hapo ndipo jikoni kunapoanza kunukia maganda ya chungwa.

Wajuzi wa hesabu wananicheka, na hesabu wanayo. Hopsi inayoingia zikiwa zimebaki dakika 25 imekwisha poteza harufu kabla ya kutoa uchungu wake wote, kwa hiyo vishimo vyangu vya katikati ni ubadhirifu. Wapikaji wa sasa wanaotaka harufu huzitia hopsi moto ukishazimwa, au siku kadhaa baadaye kwenye pombe baridi. Niliwahi kuwapa marafiki watatu glasi mbili mbili, ya mikupuo na ya trei. Mmoja tu aliitambua ya trei, na alikiri amebahatisha.

Mimi naitambua. Uchungu wake hauna kona. Unaingia mdomoni kama mtu anayejua kubisha hodi. Na hata kama najidanganya, ile saa moja siitoi kwa mtu. Mkono hauondoki kwenye sufuria, simu iko chumbani, naujua mchemko kama mama anavyoijua pumzi ya mtoto aliyelala.

Juzi trei limelegea kona moja kwa mvuke, na vishimo viwili vimeanza kumwagiana. Kwa hiyo nimenunua jingine, likiwa na mayai yake yote 30, na wiki nzima hii nyumbani tunakula chapati mayai, asubuhi na jioni.